Vifuniko ishirini mfukoni: kuanza mchezo wa uhusika hapa Lubumbashi

Mchezo wenyewe umejengwa juu ya swali moja: "Unafanya nini?" Mtu mmoja, msimulizi, anaeleza mahali na hali. Wengine watatu au wanne wamebeba kila mmoja mhusika wake, na kila mmoja anajibu kwa kinywa. Jibu likiwa na mashaka, kama kuvuka mto uliofurika au kumdanganya mlinzi wa lango, dadu inakata shauri. Hakuna skrini, hakuna ubao wa lazima, wala hakuna anayewashinda wenzake. Kundi zima linapona pamoja au linaangamia pamoja. Wengi wetu tuliusikia kwanza kwa jina la Kifaransa, jeu de rôle. Hapa tuuite mchezo wa uhusika.

Ulio maarufu kuliko yote, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliotoka kwenye michezo ya vita inayochezwa mezani kwa sanamu ndogo za askari. Asili hiyo inaeleza kwa nini kitabu cha kanuni kimejaa mita, mizunguko na silaha, na kwa nini anayeanza akikifungua anadhani ni lazima akimalize ndipo acheze. Hapo ndipo meza nyingi zinapofia. Tumeona vijana wakisoma mwezi mzima, wakibishana juu ya kanuni ya kumkamata adui mwilini, na Jumapili hata moja hawajacheza.

Kanuni za toleo la tano zinapatikana bure na kihalali katika hati iitwayo SRD 5.1. Ilitolewa kwa leseni ya Creative Commons Januari 2023, na tafsiri ya Kifaransa ikafuata mwaka huohuo. Ni mamia ya kurasa. Usiichapishe. Ipakue mara moja mahali penye Wi-Fi, iweke kwenye simu, usome mambo matatu tu: jinsi dadu inavyotumika, mzunguko wa pambano, na ukurasa wa kiumbe mmoja utakayemtumia. Kilichobaki utakitafuta siku kitakapohitajika, na utashangaa jinsi siku hiyo inavyochelewa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna kitabu kitakachokuambia, kwa sababu hakikuandikwa kwa ajili ya mitaa yetu, Katuba wala Kamalondo. Soma kanuni kwa Kifaransa ukitaka, lakini cheza kwa Kiswahili. Mezani, Kifaransa kinawarudisha watu darasani. Mchezaji anaitunga sentensi kichwani, anaipima, anaogopa kukosea mbele ya wenzake, kisha anasema kitu kifupi na salama: "J'attaque." Mwambie mtu huyohuyo azungumze kama nyumbani, utasikia: "Miye napita ku nyuma polepole, nashika ule mwenye taa, bengine bamungojee." Hapo tayari una mpango, una mwendo, na mhusika ameanza kuwa na tabia. Majina ya kanuni nayo yageuzwe mapema, yaandikwe kwenye kila karatasi, ili mtu asilazimike kutafsiri katikati ya hatari. Yetu ni haya: Nguvu, Wepesi, Uimara, Akili, Busara, Mvuto. Pointi za uhai. Kinga, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili akupate.

Maneno mawili yanahitaji uangalifu wa pekee. La kwanza ni mchawi. Katika vitabu vya Ulaya ni mtu msomi mwenye fimbo na ndevu. Kwetu ni shutuma, na kuna watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya neno hilo moja. Usimpe mchezaji mhusika anayeitwa hivyo, na usilitamke sebuleni kwa watu huku mama wa nyumba anapita na sahani. Sema mjuzi. La pili ni mbilikimo, ambalo wengi wanalikimbilia kutafsiri wale watu wafupi wachimbaji wa hekaya za Kizungu. Katika nchi yenye Batwa, neno hilo linawaumiza watu halisi. Siku za mwanzo wahusika wote wawe binadamu tu. Hakuna utamu unaopungua, na hesabu zinakuwa rahisi zaidi.

Sasa dadu. Mchezo unataka dadu ya pande ishirini, na pamoja nayo za pande nne, sita, nane, kumi na kumi na mbili. Ya sita iko kwenye kila ludo. Nyingine zisikuzuie kuanza, maana vifuniko vya chupa za soda vinafanya kazi ileile. Kusanya ishirini vya aina moja. Upande wa ndani andika 1 hadi 20 kwa kalamu ya wino mzito, na chini ya 6 na 9 piga mstari, la sivyo mabishano hayataisha. Kifungua chupa hupinda kifuniko, na mkono hujifunza haraka sana: baada ya saa moja kuna mtu anayejua kwa kugusa kwamba kile kilichokunjika ubavuni ni 18, hata kama hakukusudia kuiba. Kwa hiyo vigonge vyote kwa nyundo mpaka vilale sawa. Wino nao hufutika kwa jasho la vidole. Pakaa juu yake rangi ya kucha ile isiyo na rangi, uache ikauke usiku mzima. Mfuko uwe wa kitambaa kizito, au soksi safi.

Kutikisa, kuchota bila kuangalia, kusoma kwa sauti, kurudisha. Hilo la kurudisha ndilo linalosahaulika. Kifuniko kikibaki mezani, anayefuata anachota kati ya kumi na tisa, na ile 20 yako hawezi kuipata kamwe.

Ukiwa na vifuniko kumi tu, ongeza dadu ya ludo: ikitoa 1 hadi 3, namba ya kifuniko inabaki ilivyo, ikitoa 4 hadi 6, ongeza kumi. Nafasi ni sawa kabisa kwa kila namba. Na mfuko wa ishirini unakupa dadu nyingine zote. Kwa nne, gawa kwa tano tano: 1 hadi 5 ni moja, 6 hadi 10 ni mbili, na kuendelea. Kwa kumi, ondoa kumi kwenye kila namba inayozidi kumi. Kwa nane, ondoa nane ikizidi nane, na ukipata 17 au zaidi chota upya.

Njia moja uiache: kujumlisha dadu tatu za ludo badala ya ishirini. Inaonekana ni karibu sawa, kwa kuwa jumla inafika 18. Siyo. Jumla huvutwa katikati. Kwa dadu ya ishirini, nafasi ya kupata 15 au zaidi ni 30 kwa mia. Kwa dadu tatu ni 9 tu. Kazi ngumu zinakuwa karibu haziwezekani, na wachezaji wanakata tamaa bila kujua kwa nini. Programu za dadu kwenye simu ni sahihi, lakini simu ikishaingia mkononi ujumbe nao unaingia, na mtu hatoki humo mpaka umwite jina.

Usiwaruhusu wageni kutengeneza wahusika siku ya kwanza. Inakula saa mbili, na wanachagua vitu wasivyovielewa. Njoo na karatasi nne tayari, nusu A4 kila moja: mpiganaji, mjanja wa mikono myepesi, mponyaji, mjuzi. Chukua namba 15, 14, 13, 12, 10 na 8, uzipange kwenye sifa sita kwa jinsi inavyomfaa mhusika, kisha kwa kuwa ni binadamu ongeza 1 kwenye kila moja. Nyongeza ya sifa inapatikana hivi: ondoa 10, gawa kwa mbili, shusha chini. Hivyo 16 inatoa +3, 15 inatoa +2, 9 inatoa −1. Kwenye kile ambacho mhusika amefunzwa, aongeze +2 nyingine ya ujuzi.

Mpiganaji mwenye Nguvu 16 anashambulia kwa +5, yaani kwenye namba ya kifuniko anaongeza 3 ya Nguvu na 2 ya ujuzi. Akiwa na Uimara 15 ana pointi 12 za uhai, na vazi lake la minyororo linampa kinga 16. Upanga wake mrefu unaumiza dadu ya nane na kuongeza 3. Mjuzi mwenye Uimara 14 ana pointi 8 tu, na kinga 12 akiwa na Wepesi 15. Chini ya namba hizo andika mistari miwili ambayo kwa macho yetu ina uzito kuliko hesabu yote: mtu huyu anataka nini, na nani mezani anamdai au anamlinda. Bila mistari hiyo, mgeni anakodolea karatasi macho. Akisoma "mdogo wako wa damu alichukuliwa na wanyang'anyi, na mjuzi huyu ndiye aliyekuonyesha njia," anaanza kusema mwenyewe.

Pointi za uhai tunazihesabu kwa maharage. Kumi na mbili mbele ya mpiganaji, nane mbele ya mjuzi, kila jeraha linaondoa yake. Namba iliyofutwa na kuandikwa upya kwa kreyo haimgusi mtu. Maharage mawili yaliyobaki mbele ya rafiki yako yanainua meza nzima. Karanga hazifai, zinaliwa. Na bukari iliwe kabla au baada, maana mkono wenye mafuta ya samaki unaharibu karatasi zote kwa dakika kumi.

Kisa cha kwanza kiwe na sehemu tatu tu. Kwa mfano: msafara uliobeba misalaba ya shaba, ile iliyotumika kama fedha zamani hapa Katanga, haujafika sokoni. Sehemu ya kwanza, kivuko cha mto, ambapo mwenye mtumbwi amejeruhiwa na anaogopa kusema. Sehemu ya pili, msitu wa miombo wenye vichuguu virefu kuliko mtu, na vibwengo wamejificha nyuma yake. Sehemu ya tatu, pango, na ndani yake mtu mmoja wa msafara aliyeuza njia. Vibwengo hao ni wale wanaoitwa gobelins katika hati ya Kifaransa: kinga 15, uhai 7, wanashambulia kwa +4 na kuumiza dadu ya sita na kuongeza 2.

Idadi yao ndiyo inayoua. Kwa wahusika wanne wa ngazi ya kwanza, yaani wanaoanza tu, vibwengo wawili ni pambano jepesi, watatu ni gumu, wanne tayari ni la kufisha kwa hesabu ya kanuni zenyewe. Angalia sababu. Kibwengo mmoja anampata mjuzi mwenye kinga 12 kwa 8 au zaidi, yaani mara 65 kwa mia, na pigo la wastani ni pointi tano na nusu. Mapigo mawili, mjuzi yuko chini. Msimulizi mgeni huona "uhai 7" akadhani ni wadudu, akaweka sita, na kisa kinaishia msituni saa tisa mchana. Zimwi, yule ogre, ni mbaya zaidi: anaumiza dadu mbili za nane na kuongeza 4, wastani 13, na mpiganaji wako shupavu ana 12.

Vichuguu hivyo tuvitumie vizuri. Chora kwa chaki sakafuni au kwenye kadibodi: vichuguu vinne, njia katikati, vibwengo wawili nyuma ya kile cha kushoto. Aliyejibanza nyuma ya kichuguu kinachofunika nusu ya mwili anapata +2 kwenye kinga. Kwa hiyo kibwengo wa kinga 15 anakuwa 17, na mpiganaji wetu aliyehitaji 10 sasa anahitaji 12. Mwambie wazi. Hapo utaona mtu akinyamaza, akiangalia chaki, kisha: "Na miye nikipanda juu ya kile kichuguu?" Usikimbilie kitabu. Kupanda ni Nguvu, chota kifuniko, ukifika 10 umepanda na kibwengo hana tena pa kujificha mbele yako. Ukikosa umeteleza na umetumia mwendo wako. Kila mhusika anakwenda mita 9 kwa zamu na kufanya tendo moja, na mpangilio wa zamu unatokana na kuchota na kujumlisha nyongeza ya Wepesi. Kanuni hizo zinatosha kwa msitu mzima.

Ni lini kuchota? Pale tu ambapo kufaulu na kushindwa vyote vinaleta kitu. Kama mlango utafunguka hatimaye na hakuna anayewafukuza, umefunguka, endelea. Na usifiche kamwe njia ya pekee ya kisa nyuma ya kifuniko kimoja. Mwenye mtumbwi asiposema kwa sababu mponyaji amechota 3, kisa kimekufa hapo kivukoni. Weka pia nyayo kwenye tope, na msalaba mmoja wa shaba ulioangushwa kichakani. Kitabu kinasema 10 ni rahisi, 15 ni wastani, 20 ni ngumu, na neno hilo "wastani" linawadanganya wengi. Mtu asiye na nyongeza yoyote anashindwa 15 mara saba kwa kumi. Tumia 10 kama kawaida yako, na 15 panapokuwa na hatari ya kweli.

Wachezaji watatu au wanne, mbali na msimulizi, ndiyo kipimo. Wakiwa sita, zamu moja ya pambano ikichukua dakika mbili kwa kila mtu, unangoja dakika kumi ili useme sentensi moja.

Jambo jingine la kwetu: heshima ya umri. Yaya, yaani mkubwa wetu kwa umri, akiwa mezani, wadogo wanamngojea aamue, na bila mtu kukusudia mchezo unakuwa wa mtu mmoja na mashahidi watatu. Hakuna haja ya kumvunjia heshima. Mpangilio wa zamu unafanya kazi hiyo: "Yaya, ngojea kidogo, kifuniko kimempa mdogo zamu ya kwanza." Nje ya pambano anza kila mara kwa kumuuliza mdogo kabisa, kwa jina la mhusika wake, na umpe muda wa kimya. Yaya wengi hufurahi kuona mdogo akishika usukani, wakishaelewa kwamba ndivyo mchezo unavyotaka.

Kabla ya kuanza, uliza kila mtu faraghani ni nini hataki kukutana nacho. Katika nchi hii usidhani. Mmoja ana ndugu anayechimba shimoni, na pango linaloporomoka halitakuwa burudani kwake. Mwingine alikimbia vita akiwa mtoto. Pamoja na hayo, weka katikati ya meza kadi yenye alama ya X. Anayeigusa, tukio linarukwa, na hakuna anayeuliza kwa nini. Msimulizi aiguse mwenyewe mara moja mapema, kwa jambo dogo, ili wengine waone kwamba inagusika.

Visa vya baadaye havihitaji kununuliwa. Katika hekaya ya Waluba, mfalme Nkongolo alichimba shimo, akasimika mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwita mpwa wake Kalala Ilunga aje acheze ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kwa mdundo. Hicho ni kisa kizima cha jioni moja, na Waluba wamekihifadhi muda mrefu kuliko kitabu chochote cha mchezo huu. Wachezaji wawe wageni wa karamu, mdundo ubadilike, nawe uulize: unafanya nini? Maandishi yako ya msimulizi nayo yafanane na lukasa, ule ubao wa shanga ambao wajuzi wa Mbudye, chama cha Waluba cha watunza kumbukumbu, waliusoma kwa vidole: alama chache za kukukumbusha mahali, mtu na siri yake. Kurasa tano za maelezo utaishia kuzisoma kwa sauti, na wenzako watalala.

Anza saa nane mchana, maliza saa kumi na moja, umeme ukiwepo au usiwepo, na kabla teksi-basi hazijaanza kuwa haba. Dakika kumi za mwisho ni za karatasi: maharage ya kila mmoja yaandikwe, nani ameshika ule msalaba wa shaba aandikwe, na tarehe ya kukutana tena ikubaliwe watu wakiwa bado wameketi, maana wakishafika mlangoni kila mmoja atasema "tutaambiana" na hamtaambiana. Kisha mwaga mfuko mezani, uhesabu vifuniko. Viwe ishirini. Kinachopotea mara nyingi ni 20 yenyewe, kwa sababu mtu ameichota kwa furaha, akaionyesha kwa kila mtu, akaisahau mkononi. Tazama chini ya mkeka kwanza.